Mtoto Akishike Kishikwambi Mara Ngapi kwa Juma?



Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na kwa njia hiyo shule nyingi za vijijini, Kishapu hadi Nyang'hwale, zimepata chombo kinachoweza kubeba programu za kujifunzia kusoma. Kama vyombo hivyo vinafaa au havifai, hilo limejadiliwa vya kutosha. Linaloulizwa kwa nadra ni kwamba mtoto avitumie mara ngapi.

Jawabu letu ni kila siku ya shule, kwa muda mfupi. Saa mbili za Ijumaa, eti ndiyo siku ya kompyuta, hazitoshi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa siku moja. Walimu wa madrasa walilijua jambo hili bila maabara: mtoto husikilizwa aya chache kila siku na kurejeshwa kwenye za jana, na akikosa siku nne mwalimu humrudisha nyuma bila kumuuliza.

Mfano wa karibu tunao nchini mwetu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na vituo vya umeme wa jua vikawekwa ili vichajiwe. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, lakini tusiipite kimya nusu iliyobaki: mashine peke yake, bila mwalimu wa kuisimamia, huwafikisha baadhi na kuwaacha wengine njiani. Nchini Malawi programu ya onebillion, mmoja wa washindi wawili wa Tanga, iliingizwa madarasani chini ya usimamizi, na katika baadhi ya majaribio watoto walipewa takriban dakika 40 kwa siku.

Mtu atasema, darasa langu lina watoto 120 na vishikwambi 10, dakika 40 nitazitoa wapi? Basi na tupige hesabu. Watoto wawili wakishirikiana kimoja, 20 husoma kwa wakati mmoja. Makundi sita ya dakika 20 ni saa mbili, na wengine huendelea na daftari. Tena kushirikiana si hasara, kwani mmoja husoma na mwenzake humsahihisha.

Kwetu huku hoja ya kila siku ina uzito zaidi, kwa sababu ya dhahabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo, Geita na Kahama zikiwamo: watoto wanaoponda mawe, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, wanaokosa masomo. Mtoto wa namna hiyo hatoroki shule moja kwa moja. Hukosa Jumanne, akarudi Alhamisi. Zamu yake ya kishikwambi ikiwa ni Jumatano tu, mwezi mzima unaweza kwisha hajakigusa. Zamu ikiwa ya kila siku, hata akikosa siku mbili, tatu zimebaki.

Kisha kuna lugha. Watoto wengi wa Kisukuma hukutana na Kiswahili shuleni kwa mara ya kwanza, na ulimi wao una "l" mahali pa "r". Mtoto huyu anahitaji kuisikia sauti sahihi, aitamke, airudie kesho. Akisubiri juma zima, anaanza upya.

Wazazi mlio katika kamati za shule, katika kikao kijacho ulizeni mambo matatu: ufunguo wa kabati la vishikwambi anao nani, vinachajiwa wapi, na juma lililopita watoto wa darasa la kwanza na la pili walivishika siku ngapi. Mwalimu mkuu akisema umeme ulikatika, muulizeni vilichajiwa lini mara ya mwisho, na kama kuna fundi wa kufunga paneli moja ya jua juu ya paa la ofisi.