Kufuli haizuii mtikisiko

Mwandishi, habari ya kufuli umeieleza vizuri, lakini vifaa vinavyofungwa nje ya gari huharibiwa zaidi na mtikisiko. Huku mtaani Tassia gari hulala nje, kwa hiyo mnyororo kwenye sepetu ni lazima, nakubali. Lakini lipeleke gari hilo kwenye njia ya kutoka Maralal hadi Loiyangalani, uone nati zinavyofunguka zenyewe. Jeki ndefu ya Hi-Lift ina kilo 13 hivi. Ukiifunga kwa bolti kwenye bati tupu la bodi, bati litapasuka. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani alinitengenezea vishikio vya chuma kwenye bampa ya nyuma, akaweka washa pana, nati zenye plastiki ndani, na kipande cha tyubu kuukuu ili chuma kisisagane na chuma. Na wewe mchangiaji uliyesema hapo juu kila kitu kiwekwe kwenye keria, tafadhali fikiria gari likiinama kwenye mteremko: uzito ukiwa juu, hupinduka upesi. Jeki ikae chini, na sehemu yake inayopanda ivikwe turubai, maana vumbi likijaa kwenye pini, jeki haitapanda siku umekwama.