Acheni Kuwachagulia Wageni Fani

Kila mara swali ni lilelile: "Dada, nimeingia World of Warcraft, nichukue klasi gani?" Na kabla sijafungua mdomo, mwingine ameshamjibu: "Chukua mwindaji, ndiye rahisi, humhitaji mtu." Basi, kesi imefungwa. Hakuna aliyemuuliza huyo mgeni anapenda hadithi za namna gani, au anaingia mle ndani na nani. Amekabidhiwa upinde kama mtoto anavyokabidhiwa sare ya shule: chukua, vaa, nenda.

Leo nataka kugombana na jibu hilo. Najua hapa tumezoea kugombana juu ya riwaya na ushairi, lakini nivumilieni. Huu nao ni ugomvi wa fasihi.

Mchezo huu ulitoka Novemba 2004 ukiwa na klasi 9, na sheria moja ngumu: ukishachagua, umechagua. Ukijuta, unaanza upya na mhusika mwingine, kuanzia ngazi ya kwanza. Mimi neno hilo "klasi" naliita fani. Kwa sisi tuliokaririshwa "fani na maudhui" darasani, jina hili linakaa vizuri. Fani ni ujuzi wa mtu, na fani pia ni umbo ambalo hadithi inamfikia msomaji.

Tena fani hizi zilitoka vitabuni. Dungeons & Dragons ilipochapishwa mwaka 1974 ilikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mtu wa uchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wake wawili, aliorodhesha mwaka 1979 waandishi waliomlea kifikra, wakiwemo Robert E. Howard, Fritz Leiber, Jack Vance na Tolkien. Ile kanuni ya kwamba mtu wa uchawi hukariri kauli zake, na akishaitamka moja inamtoka kichwani, imetoka kwenye hadithi za Vance. Kwa hiyo mgeni anapoulizwa achague fani, anaulizwa swali ambalo kila mwandishi anajiuliza kabla ya ukurasa wa kwanza: nani atasimulia?

Na msimulizi akibadilika, hadithi inabadilika. Mpiganaji anaingia vitani bila nguvu yoyote, hasira yake inajaa kadiri anavyopiga na kupigwa. Mwizi anaijua dunia kwa migongo ya watu. Mwindaji wa toleo la zamani, akifika ngazi ya 10, anafuga mnyama, na tangu hapo mnyama ndiye anayekula kipigo huku bwana wake amesimama mbali. Msitu ni uleule na nguruwe mwitu ni walewale, ila vitabu ni vitatu.

Sasa njooni na orodha zenu za "fani bora". Nimezisoma. Nyingi zinapima nani anaumiza zaidi kwa sekunde akiwa ngazi ya juu kabisa, vitani katika kundi la watu 40. Mgeni yuko ngazi ya 6, anafukuzwa na mbweha! Orodha hiyo inamsaidia nini? Inanikumbusha ile miongozo ya vitabu vya kiada tuliyouziwa sekondari: wahusika wameshachambuliwa, dhamira zimeshapangwa, falsafa ya mwandishi iko kwenye mistari miwili. Ulifaulu mtihani bila kuifungua riwaya. Halafu leo unashangaa kwa nini wenzako wa darasa hawasomi.

Lakini kinachonikera zaidi ni lile neno la mwisho la ushauri wao: "humhitaji mtu." Linasemwa kama sifa. Niwaambie kwa nini nalichukia.

Mimi nilichagua kuhani, na sababu haikuwa ya kishujaa. Mdogo wangu yuko Muscat, anafanya kazi za ujenzi. Simu zetu zilikuwa zimekauka: hujambo, sijambo, mama anasemaje, haya kwaheri. Yeye tayari alikuwa mpiganaji, akaniambia, "Dada, njoo uniponye, huku nakufa kila siku." Kwangu saa tatu usiku, kwake saa nne, tunaingia. Yeye mbele anapokea mapigo, mimi nyuma namrudishia uhai.

Kuponya kulinifundisha jambo ambalo hakuna orodha iliyoliandika. Kuhani ana akiba ya nguvu iitwayo mana. Katika toleo lile la zamani, akiba hiyo hairudi vizuri mpaka upitishe sekunde 5 bila kutumia kauli yoyote. Maana yake, mponyaji mzuri anajua kunyamaza. Unamwona mwenzako anapungua, unauma meno, unasubiri, halafu unasema neno moja kwa wakati wake. Mshairi yeyote anayejua kutua kwenye kina anaelewa ninachosema.

Usiku mmoja tulishuka Deadmines pamoja na wageni watatu. Kule chini bosi ni Edwin VanCleef, jambazi. Lakini ukisoma masimulizi ya mchezo, jambazi huyu alikuwa kiongozi wa waashi walioujenga upya mji wa Stormwind, kisha wakubwa wakawanyima ujira wao. Tulimuua. Wale wageni wakagawana vitu wakaondoka. Mdogo wangu akabaki amesimama pale juu ya meli, akaandika: "Dada, huyu jamaa alikuwa anadai haki yake tu."

Nikaandika, "Ni kweli."

Akakaa kimya. Halafu: "Na mimi sijalipwa mwezi wa tatu huu. Usimwambie mama."

Kwenye simu hakuwahi kunigusia. Aliniambia pale kwa sababu tulikuwa tumetoka kubebana saa nzima, na kwa sababu hadithi ilimpa mlango wa kupitia. Ningekuwa mwindaji, na simba wangu, na ile raha ya kutomhitaji mtu, ningekuwa kilima kingine kabisa napiga nguruwe peke yangu. Ndiyo, hata mwindaji anaweza kujiunga na kundi. Lakini fani iliyosifiwa kwa kujitosheleza inakuzoesha kujitosheleza.

Najua mtanijibu. Mtasema bando ni ghali, ada ya mchezo inalipwa kwa fedha za kigeni, na mgeni akifa mara kumi usiku wa kwanza hatarudi. Hoja hii ni nzito na siikwepi. Mpiganaji akiwa peke yake, nguruwe wawili wanatosha kumlaza. Kuhani anapanda ngazi polepole. Tena seva tunazochezea ziko Ulaya, na amri yako inafika imechelewa. Mwizi anayetakiwa kumkata adui kauli katikati atapata tabu na mtandao wetu, wakati kuhani ambaye baadhi ya kauli zake huchukua sekunde mbili au zaidi anaweza kuvumilia. Haya yote mwambieni mgeni! Mwambieni bei ya kila fani, kisha mwacheni alipe anayoitaka. Kumpa mtu bei ni heshima. Kumchagulia ni kumwona hajui anachotaka.

Kwetu sisi kuna jambo la ziada. Fani zao hazikai sawasawa kwenye lugha yetu. Yule wa moto na barafu, anayewagawia wenzake mikate na maji ya kichawi kabla ya vita, tutamwitaje? "Mchawi"? Kwetu mchawi ni mtu wa kuogopwa, na anayeponya anaitwa mganga. Na Fumo Liyongo wetu mngemweka wapi? Mpiga upinde, mtunzi wa mashairi, mtu wa ngoma, aliyetoroka kifungoni kwa sababu mamake alificha tupa ndani ya mkate. Mpe orodha achague moja, uone kama hatakucheka. Na hata yeye, na nguvu zake zote, alimhitaji mama wa kuoka mkate na kijakazi wa kuupeleka.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza, muulize na wewe. Unaingia na nani? Mambo yakiharibika, unataka kuwa wapi: mbele, nyuma, au gizani? Na uko tayari kulaumiwa kwa kosa gani? Kwa maana mponyaji hulaumiwa kila mtu akifa, na mpiganaji hulaumiwa akikimbia. Akishajibu hayo, fani imejichagua yenyewe.

Juzi mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 15, aliniuliza swali lilelile. Nikamuuliza anaingia na nani. Akasema, "Na mjomba wa Muscat. Anasema anahitaji mtu."

Sikumwongezea neno.