BARAZANI: Mchezaji si Gunia la Mpunga

Juma hili tuzungumze habari ya mpira, lakini si habari ya magoli. Tuzungumze habari ya maneno yanayotangulia magoli, yaani uvumi wa wachezaji kuhama.

Wote mwajua jinsi mambo yalivyo hapa kwetu Chimala. Mpunga wa Usangu ukiisha kuvunwa, watu hupata nafasi ya kukaa. Ndipo dirisha la usajili nalo linapofunguliwa. Basi kandokando ya barabara kuu, penye mashine za kukoboa, na kwenye vijiwe vya bodaboda, swali huwa ni moja tu: "Umesikia? Fulani anahama!" Mmoja atasema anakwenda Simba, mwingine ataapa kwamba amekwisha kutia sahihi Yanga. Wa tatu atatoa simu aonyeshe picha ya mchezaji amevaa jezi mpya, na kumbe picha yenyewe imetengenezwa na mtu asiye na kazi.

Siku moja nilikuwa penye mashine nikingoja zamu yangu. Habari iliyovuma siku hiyo ilikuwa ya mchezaji mmoja mashuhuri. Jina lake sitaliandika, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa uvumi, na uvumi haustahili kupewa jina la mtu. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akasema kwa nguvu:

"Huyo ni msaliti! Tumemlea, tumemshangilia, leo anatukimbia kwa sababu ya fedha!"

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akamjibu taratibu: "Mwanangu, wewe mwaka jana ulikuwa ukiendesha pikipiki ya nani?"

"Ya tajiri mmoja wa Igurusi, babu."

"Na sasa?"

"Sasa naendesha ya tajiri mwingine, hapa hapa Chimala. Hesabu yake ni nafuu."

"Je, yule wa Igurusi alikuita msaliti?"

Watu wakacheka, na kijana akacheka pia. Lakini hakunyamaza. "Babu, pikipiki si Simba na Yanga," akasema. Na kwa kweli hapo naye alikuwa na haki yake. Timu hizi ni za zamani, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936. Watu wamezirithi kwa baba zao, na mtu hakasiriki bure anapoona aliyemshangilia jana amevaa rangi ya upande wa pili. Mapenzi hayo si dhambi. Lakini yafaa tujue mambo yanavyokwenda, ili tusigombane juu ya tusilolijua.

Katika mpira wa miguu, mchezaji mwenye mkataba hahami mpaka watatu wapatane: klabu anayotoka, klabu anayokwenda, na yeye mwenyewe. Mmoja akikataa, hakuna safari. Mkataba ukiisha, yu huru kwenda apendako. Huko Ulaya haki hii ilipata nguvu tarehe 15 Desemba 1995, mahakama ya nchi za Ulaya ilipompa ushindi mchezaji mmoja wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, ambaye klabu yake ilimzuia asiende kwingine ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha.

Mfano wetu wa karibu ni wa Feisal Salum, kijana wa Zanzibar tunayemwita Fei Toto. Mwezi wa Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga kabla ya mkataba kuisha. Akaweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu, akidhani kwamba kwa fedha hizo amejikomboa. Klabu ikakataa. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba yeye angali mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana hachezi, na nchi nzima ikagawanyika. Mwezi wa Juni 2023 hata Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba Yanga walimalize jambo hilo. Klabu zikapatana, na Fei Toto akaenda Azam. Hapa tunajifunza kwamba mkataba una mlango wake, na mlango huo haufunguliwi kwa teke.

Tena yuko Bernard Morrison wa Ghana. Mwaka 2020 alitoka Yanga akaenda Simba. Ugomvi ulikuwa juu ya sahihi: yeye alisema mkataba wake ulikuwa wa miezi sita tu, Yanga wakasema aliongeza miaka miwili. Shauri lilifika mpaka mahakama ya michezo ya kimataifa, na Novemba 2021 Yanga wakashindwa. Mwaka uliofuata Morrison huyo huyo alirudi Yanga! Na wale waliomwita mwizi mwaka 2020 ndio waliompokea mwaka 2022. Naye Clatous Chama wa Zambia, aliyekuwa kipenzi cha Simba kwa miaka mingi, alihamia Yanga Julai 2024. Mwaka 2025 alikuwa amekwisha kuhama tena. Aliyevunja urafiki na jirani yake kwa sababu ya Chama, alibaki bila Chama na bila jirani.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akisikiliza akasema: "Ninyi mwalalamika bure. Afadhali wetu huulizwa. Huko Marekani katika mpira wa kikapu, mtu hubadilishwa bila kuulizwa."

"Hubadilishwaje, Mwalimu?" akauliza mama muuza chai. "Kama ng'ombe mnadani?"

Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake tunalo kwa mtoto wa nchi yetu wenyewe, Hasheem Thabeet. Kijana huyu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Akapata nafasi ya masomo Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Tarehe 25 Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika vijana wote wa mwaka ule. Stephen Curry, ambaye sasa dunia nzima yamjua, alichaguliwa wa saba. Thabeet ndiye Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi ile kubwa, NBA.

Tulifurahi sote. Lakini mambo hayakuenda kama tulivyotumaini. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika timu ya ligi ndogo. Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Memphis walimtoa kwa Houston. Walimtoa pamoja na mchezaji mwingine na haki ya kuchagua kijana mmoja siku za mbele, nao wakapewa wachezaji wawili, Shane Battier na Ish Smith. Machi 2012 Houston nao wakampeleka Portland. Baadaye alikwenda Oklahoma City. Agosti 2014 Oklahoma wakampeleka Philadelphia, na Philadelphia, baada ya siku chache tu, wakamwacha. Hakucheza mechi hata moja ya ligi kwa jezi yao.

Sheria yao ndivyo ilivyo. Timu haimwuzi mtu, huuhamisha mkataba wake, na mshahara aliopatana haupungui. Fedha ni nyingi, na mchezaji ajua sheria hiyo tangu anapotia sahihi. Ni wachache tu wenye haki ya kukataa, iliyoandikwa katika mkataba. Wengine huamka asubuhi wako mji huu, jioni wanafunga mizigo kwenda mji mwingine, na watoto wanabadilishwa shule katikati ya mwaka. Mama muuza chai alisikiliza yote, kisha akasema: "Mshahara ni mzuri, lakini mimi singependa mwanangu aambiwe na redio kwamba kesho anahama." Nadhani wazazi wengi watakubaliana naye.

Sasa jambo la ajabu katika habari hizi ni hili: uvumi wenye kelele mara nyingi hufa, na jambo la kweli mara nyingi huja bila kelele. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025 timu ya Dallas Mavericks ilimtoa Luka Dončić wa Slovenia kwa Los Angeles Lakers, ikampata Anthony Davis. Hakuna shabiki aliyekuwa amelisikia hilo. Hata waandishi waliokesha wakitafuta habari walishangaa. Wapenzi wa Dallas wakakusanyika nje ya uwanja kulalamika, lakini karatasi zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi.

Nasi wa Mbarali hatuna haja ya kwenda Dallas kuujua uchungu huo. Wakumbuka Ihefu? Timu ile, iliyochukua jina la oevu letu, ikicheza nyumbani Ubaruku, wilaya yetu wenyewe. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1, ikaukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga hawakufungwa. Oktoba 2023 ikawafunga tena 2 kwa 1 pale pale Ubaruku. Mwaka 2024 timu nzima ikahamia Singida, ikaitwa Singida Black Stars. Ndiko alikokwenda Chama mwaka 2025. Kumbe si mchezaji peke yake awezaye kuhama. Hata timu huhama na jina lake, na aliyekuwa akipika chai na vitumbua siku ya mechi hubaki na sufuria yake. Wapenzi wa Ihefu hawakuulizwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Katika kijiji kimoja cha bonde letu, mtu na shemeji yake waliwekeana dau la magunia manne ya mpunga juu ya uvumi wa namna hii. Huyu alisema mchezaji atahama, yule akasema hatahama. Dirisha likafungwa, mchezaji hakuhama. Mshindi akaja asubuhi na mkokoteni.

Mwenye nyumba alikuwa hajamwambia mkewe neno. Mama yule alitoka nje akaona magunia yanatolewa ghalani, akapiga kelele, majirani wakaja. Mjomba wake akaitwa.

"Ahadi ni deni, mzee," mshindi akasema. "Mimi ningeshindwa, ningelipa."

"Kweli, ahadi ni deni," mjomba akajibu. "Lakini niambie, mpunga huu nani aliupandikiza? Nani aliamia ndege tangu alfajiri?"

"Ni dada yangu na watoto wake, mzee."

"Je, aliulizwa?"

Mshindi akanyamaza.

"Basi shemeji yako aliweka dau kitu ambacho si chake peke yake. Rudisha magunia. Na wewe, baba watoto, mwombe mkeo radhi mbele yetu."

Magunia yakarudi ghalani, na watoto wakala mpaka mavuno mengine. Lakini hasara ilibaki. Msimu ule wa kupandikiza, shemeji hakuja kusaidia kama miaka yote, nao wakachelewa shambani. Na mchezaji waliyemgombania hajui hata kama kijiji chao kipo duniani.

Ndugu wasomaji, kubishana juu ya mpira ni furaha, tena ni afya. Mtu aliyechoka na jembe ana haki ya kukaa na wenziwe akabishana. Ila tushike mambo manne.

Kwanza, ukisikia fulani anahama, uliza ni nani aliyesema. Klabu zenyewe zimetangaza? Kama hazijatangaza, ni maneno tu. Yapokee kama maneno.

Pili, usiweke dau chakula, ada ya shule, wala mbegu. Vitu hivyo vina wenyewe wengi. Na watoto wasikuone ukifanya hivyo, kwa maana wataiga upesi kuliko unavyodhani.

Tatu, usimtukane mchezaji anayekwenda kutafuta riziki kwa njia ya haki. Ana wazazi wanaomtegemea kama wewe unavyotegemewa. Akivunja ahadi yake, hilo ni jambo jingine, na wako wa kuamua.

Nne, kwenu wazazi wenye vijana wenye kipaji. Akija mtu na karatasi akisema mwanao atachezea timu kubwa, msitie sahihi siku hiyo hiyo. Someni, na asiyejua kusoma amwite mwalimu. Tazameni miaka mingapi, mshahara kiasi gani, na nani atamtibu akivunjika mguu. Kisha dai nakala yako uiweke sandukuni. Ugomvi wa Morrison ulitoka katika karatasi, na yeye alikuwa na mawakili. Mtoto wa mkulima wa Usangu ana nani?

Mwenye neno juu ya jambo hili na alete, tutalisoma pamoja. Tuonane juma lijalo, tukijaliwa.