Dhuluma ya Neno "Zilipendwa"

Katika msamiati wa muziki wetu sijui neno la sifa lililobeba msiba mkubwa kama neno "zilipendwa". Kwa sura yake ni neno la heshima. Redio hulitumia, kumbi za starehe hulitumia, na katika arusi, hapa Turwa hata Mugumu, hutamkwa pale wakubwa wanapoitwa uwanjani kucheza. Lakini tulichambue kama inavyompasa mwanafunzi wa sarufi. Kiambishi -li- ni cha wakati uliopita, na -w- ni cha kutendwa. Basi nyimbo hizo zilipendwa: mapenzi yalikuwapo, yakaisha, na mwenye kupenda hatajwi. Hakuna azitajaye kuwa ni nyimbo zinazopendwa, ijapokuwa usiku huu huu watu watazicheza mpaka jasho liwatoke. Neno hili limewachimbia wapigaji wake kaburi, kisha likalipamba kaburi hilo kwa maua.

Nasema hivi kwa sababu kila bendi kongwe inaporudi studio kutengeneza albamu mpya, lawama ya kushindwa kwake hutupwa juu ya uzee. Mimi nakana. Aghalabu kinachoziangusha albamu hizo si umri wa wapigaji. Ni namna walivyomilikiwa wangali vijana, ni namna wanavyorekodiwa leo, na ni huruma ya wasomi waliokataa kuwa wahakimu.

Tuanze na kumilikiwa. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz. Kilipokuwa OTTU, ikaitwa OTTU Jazz. Hatimaye ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra, tuijuayo kwa Sikinde, iliundwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa shirika la DDC la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, Umoja wa Vijana ulikuwa na bendi. Sikatai kwamba mpango huo ulikuwa na wema wake: mpigaji alipata mshahara, na vyombo vilinunuliwa ambavyo asingeweza kuvinunua peke yake. Lakini gita lilikuwa la mwajiri, tarumbeta ilikuwa ya mwajiri, na hata jina lilibadilika kwa kadiri ya mwajiri alivyobadilika, kama mtoto wa kulelewa aitwaye kwa jina la kila nyumba aliyohamia. Sauti zenyewe zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio, ambayo leo imerithiwa na TBC. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini chini ya mpango huo akitoka, hutoka na vidole vyake na koo lake tu. Kisha twamwambia, "Mzee, rudi, utupe albamu!" Arudi na nini?

Sisi tulio jirani na Sirari twajua vizuri maana ya mstari uliochorwa na watu wengine. Mpaka umewakata Wakurya, hawa Tarime na wale Kenya, na muziki wetu uliwahi kukatwa hapo hapo. Katika miaka ya 1960 na 1970 kazi ya kuzichapa santuri ilikuwa Nairobi, na bendi za Tanzania ziliutegemea mji huo ili sauti yao ipate kushikika mkononi na kuuzika. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, ukakaa umefungwa hata mwaka 1983. Muziki wa dansi haukufa miaka hiyo. Bali ulikuwa katika ubora wake, na Sikinde na JUWATA wakawania mashabiki wa Dar es Salaam. Lakini uliishi ukumbini na redioni, mbali na duka la santuri. Baadaye kanda zilinakiliwa mitaani pasipo ruhusa, na faida ikaenda kwa mwenye mashine ya kunakili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyounda COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999. Iliyatangulia hayo sheria ya mwaka 1966. Lakini sheria isiyo na mkusanyaji wa mirabaha ni jembe lisilo na mpini.

Matunda ya mpango huo tuliyaona mwaka 2013. Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji wa NUTA Jazz, na wa Mlimani Park tangu kuundwa kwake, alitangaza kustaafu baada ya kuimba yapata nusu karne. Ikajulikana kwamba hana hata gari. Kijana Diamond Platnumz akamzawadia gari, na taifa likashangilia. Gurumo alifariki mwaka uliofuata. Simlaumu mtoaji, alifanya lililo jema, tena hakuwa mdaiwa. Nawalaumu walioshangilia bila ya kuuliza swali. Zawadi haiwezi kusimama mahali pa haki. Anayelipwa ujira wake huenda nao nyumbani bila ya kupigiwa makofi. Anayepewa zawadi lazima ashukuru mbele za watu. Tumewageuza wadai wetu kuwa washukuruji wetu.

Hata marejeo yaliyofanikiwa yanatusuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakongwe wa dansi walikusanywa Dar es Salaam, wakaitwa Shikamoo Jazz, wakapiga na Bi Kidude, na albamu yao, Chela Chela, ikatoka Uingereza mwaka 1995. Aliyewasaidia kusimama ni HelpAge, shirika la kuhudumia wazee. Lizingatie hilo, msomaji. Hakuwa mchapaji wa santuri, wala redio, wala chuo kikuu. Mafundi wa gita waliingia tena studio kwa mlango wa msaada wa wazee, kwa kuwa mlango wa muziki ulikuwa umefungwa. Jina la bendi lilikuwa salamu, na salamu ndiyo iliyokuwa bei rahisi kuliko vyote tulivyoweza kuwapa. Shikamoo haijazi tumbo.

Wapo watakaojibu kwamba wazee wapumzike, kwani sauti imekauka na vidole vimekuwa vizito. Hoja hiyo inakanwa na mambo yaliyotokea. Compay Segundo wa Cuba alikuwa na umri wa miaka 88 alipoingia studio ya Havana mwaka 1996 kwa albamu ya Buena Vista Social Club, na dunia nzima ikaisikiliza. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, naye ni bibi wa makamo ya vitukuu. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini, na wafugaji wa Mara hawahitaji kufafanuliwa. Tena Wakurya wana vizazi vyenye majina, vifuatanavyo kwa zamu, na kuingia katika uzee ni kupanda daraja: neno la mtu huzidi uzito. Mpigaji wa iritungu, kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane, haambiwi kwamba maneno yake mapya ni ya vijana. Kwa nini mpigaji wa gita akatazwe kutunga kwa sababu ya mvi?

Maana ndivyo tufanyavyo. Twamwita mzee studio, kisha twamwomba wimbo ule ule wa ujana wake. Les Mangelepa wa Nairobi, walioundwa mwaka 1976 baada ya kumwacha Baba Gaston, walitoa albamu mwaka 2017, na ndani yake nyimbo zao za kale zilirekodiwa upya. Nafurahi kwamba albamu hiyo ipo. Lakini mzee ameona mengi tangu miaka ya 1970: ameona vyama vikibadilika, mashirika yakifa, wenzake wakizikwa. Anayo ya kusema juu ya leo, na hakuna anayemwuliza.

Na akiulizwa, anarekodiwaje? Katika studio ya redio bendi ilisimama pamoja chumba kimoja. Solo ilimwona besi, tarumbeta zilimsubiri mwimbaji avute pumzi, na mwendo wa wimbo ulipanda kidogo pale moyo ulipopanda. Studio nyingi za leo zimejengwa kwa mwimbaji mmoja na kompyuta. Wapigaji kumi na wawili hawaenei humo. Basi huingizwa mmoja mmoja, wakiwa na visikilizio masikioni, na kila mmoja afuate mlio wa mashine usiojua kupumua. Kazi ikitoka baridi, watu husema, "Wazee wamechoka." La! Mmewatenga watu walioshi kwa kusikilizana, kisha mnashangaa kwamba hawasikilizani.

Mwisho nageukia kwetu wenye kalamu. Mwanachuo huandika juu ya Msondo kama aandikavyo juu ya magofu ya Kilwa: kwa upole, kwa tarehe, na bila ya kusema kama kitu ni kizuri au kibaya. Albamu mpya ya wakongwe ikitoka, husifiwa kwa kuwa imetoka tu. Sifa hiyo ni tusi. Kijana akitoa kazi dhaifu twamshambulia, kwa sababu twaamini kwamba kesho atafanya bora. Mzee twamsifu, kwa sababu tumekwisha kumkatia tamaa. Ukali wa haki ni sehemu ya heshima.

Basi nadai mambo manne. Wenye kanda za kale watoe hesabu: ni zipi, za nani, na nani amelipwa zinapopigwa. Bendi kongwe zirekodiwe pamoja, katika chumba cha kuwaenea wote. Wapigaji waombwe nyimbo mpya kabla ya kuombwa za kale. Na sisi tuzihukumu nyimbo hizo kwa mizani ile ile tunayowapimia vijana, zikiwa mbaya tuseme mbaya. Wazee hawa hawakuomba kukumbukwa. Wangali hai, wangali na kazi ya kufanya, na kazi hulipwa.