Kisha upasuaji wa kansere ya matumbo, damu ipimwe

Mchimbaji akipasuliwa kansere ya utumbo mkubwa, watu wanachanga mara moja. Kooperativi inatoa, kanisa inatoa, wenzake wa shimo wanauza kilo chache. Anarudi Buleusa, kidonda kinafunga, anabeba tena mufuko, na wote wanasema: amepona. Lakini munganga hajamaliza naye.

Kansere hiyo inaweza kurudi kimya, mara nyingi kwenye maini ao mapafu, zaidi katika miaka 2 ao 3 ya kwanza. Iko alama moja ya damu inayosaidia kuishika mapema. Kwenye karatasi ya labo wanaiandika ACE. Phil Gold na Samuel Freedman wa Montréal waliieleza mwaka 1965. Inapimwa mbele ya upasuaji, kisha kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5. Doa dogo la maini likionekana mapema, mara ingine linaweza kukatwa na mtu akaishi. Likichelewa, mara nyingi haliwezi kukatwa tena.

ACE ikipanda mara moja, usiuze shamba. Inapimwa tena, kisha skana. Tumbaku peke yake inaweza kuipandisha, na huku mashimoni nani havuti? Tena ziko kansere zisizoipandisha hata kidogo, kwa hiyo karatasi nzuri haimwondoe mtu kwa munganga.

Shida yetu ni barabara. Kupima damu ni tubu moja tu, lakini kutoka hapa mpaka muji mkubwa ni moto, matope, bariere, na vita. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Basi mgonjwa abaki, damu ndiyo isafiri: ikishatayarishwa vizuri, inaenda ndani ya kisanduku cha barafu, sawa vile chanjo zinavyosafiri. Iende labo ileile kila mara, juu mashine hazihesabu sawa.

Code du travail ya 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri. Ana kooperativi, na inakata kwa kila mufuko. Tunaomba mukutano mukubwa unaokuja uandike kwenye sheria yake: aliyepasuliwa kansere ya matumbo, vipimo vyake vya miaka 5 vinalipwa na kasha la kooperativi, hata kama hashuki tena shimoni.