Vitabu vipo, mashine inakana

JICHO LA WIKI, na Mama Zawadi

Wiki hii nimeona binti akidanganywa na mashine, na hasira bado haijanitoka. Ni hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika chumba kimoja cha kompyuta chenye maktaba isiyohitaji intaneti: seva ndogo juu ya meza, ndani yake Wikipedia na vitabu vya shule. Binti anajiandaa kwa mtihani wa MSCE, wa kumaliza sekondari. Akaandika "malaria" kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna matokeo. Msimamizi akamwambia ameandika vibaya. Akafuta, akaandika upya, herufi moja moja, huku midomo ikizitaja.

Malaria! Ndani ya Malawi hii!

"Mwanangu, kosa si lako," nikamwambia.

"Lakini mama, iko inasema hakuna."

Kijana mmoja aliyesomea programu humu humu kambini akavuta kiti. Akafungua orodha ya masomo, akabofya kitabu kimoja baada ya kingine, vyote vikafunguka. Kisha akaingia kwenye kumbukumbu za seva, akatuonyesha mstari: programu ya kutafuta ilikuwa ikienda /media/diski/faharasa. Diski hiyo ya nje ilishaondolewa na fundi kutoka Lilongwe, aliyehamishia kila kitu /srv/maktaba. Njia ya kufungulia vitabu akaibadilisha, ya kutafutia akaiacha. Na programu ile haipekui vitabu vyenyewe. Husoma faharasa, yaani orodha ya maneno na mahali yalipo. Ni kama kumpa mgeni wa Lilongwe namba ya Area, yaani mtaa, uliyohama: Area zenyewe hazifuatani kwa namba, atazunguka mpaka usiku na mlangoni kwako hafiki.

Aliyetengeneza ukurasa ule wa kutafutia naye simsamehe. Seva ilisema wazi kwamba folda haipo. Ukurasa ukamwambia mtoto kwamba maarifa hayapo. Msimamizi akaongeza lake, kwamba mjinga ni mtoto.

Dawa ilikuwa kurekebisha mstari mmoja katika faili la mipangilio, kisha kuwasha upya huduma. Kijana akaiandika njia sahihi kwenye daftari, akisisitiza herufi ndogo, maana kwenye Linux "Maktaba" na "maktaba" ni folda mbili. Ila kuihifadhi kwenye seva hakuweza. Nywila iko Lilongwe. Fundi alipopigiwa simu akasema atafika wiki ijayo. Mnaonisoma siku zote mnaujua ugomvi wangu na "njoo kesho"; sasa imekuwa wiki.

Lilongwe ni kilomita kama 45 tu. Lakini kijana huyu hawezi kujiamulia kuhamia mjini akafanye kazi huko: sera ya Malawi inamtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Tumerudi. Palifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, pakapangiwa watu elfu kumi hivi, leo tumepita 50,000. Miongoni mwetu wamo wanaojua kazi hii. TakenoLab ya Remy Gakwaya imefundisha vijana kuandika programu hapa hapa. Ujuzi tunao, ruhusa ndiyo tunayonyimwa. Kunyimwa huko ndiko kunakouacha utafutaji ule umekufa, wala msinitajie umeme.

Kwa hiyo nasema na wanaotuletea vyumba hivi vya kompyuta. Kila mnapohamisha kitu, andikeni njia yake mpya kwenye karatasi, karatasi ibaki chumbani. Kabla fundi hajapanda gari, atafute neno moja mbele yetu tuone linapatikana. Na nywila akabidhiwe mtu anayelala Dzaleka. Mkiona hatuaminiki kiasi hicho, basi futeni kwenye ripoti zenu ule mstari unaosema mmetujengea uwezo.