Mzazi huvuka mpaka kwa siku moja, darasa la mtoto huchelewa

Kila mwezi Julai, mwaka wa shule unapomalizika nchini Rwanda, zipo familia za wafanyabiashara, madereva wa malori na wataalamu zinazofunga mizigo kuelekea Dar es Salaam, Kampala au Nairobi. Nyumba hutafutwa kwanza, kisha kibali cha kazi na leseni ya biashara. Shule ya watoto huja mwisho, mara nyingi kwa simu moja kwa jamaa aliyetangulia: "Huko mtaani kwenu kuna shule nzuri?"

Swali hilo si baya, ila limetangulia mahali pake. Kabla ya kuuliza ubora wa shule, mzazi anayehama ndani ya Afrika Mashariki anapaswa kujua mtoto wake atafanya mtihani gani wa taifa kwanza huko aendako, na kwa lugha ipi. Ada, umbali na nidhamu vinaweza kurekebishwa baadaye. Mtihani ukishapita au ukishakosekana, mtoto hurudishwa nyuma mwaka mzima.

Tuanze na Tanzania, kwa sababu ndiko wazungumzaji wa Kiswahili wa Nyamirambo na Biryogo huenda wakiwa na imani kubwa kuliko kawaida. Husema: sisi ni Waswahili, watoto wetu hawatapata shida. Katika shule za msingi za umma nchini humo masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na elimu ya umma haitozwi ada tangu mwaka 2016, kwanza hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Kwa mzazi anayeanza biashara upya, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini Kiswahili cha nyumbani na cha darasani si kitu kimoja. Mtoto aliyelelewa Biryogo anaweza kusimulia, kutania na kupatana bei kwa ufasaha, kisha akakwama mbele ya "usanisinuru", "mzingo" au "kipeo cha pili". Mambo hayo ameyasoma, ila kwa Kiingereza. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuifanya lugha hiyo kuwa lugha ya kufundishia, na mwishoni mwa 2019 ikatangaza kuwa itatumika tangu mwaka wa kwanza wa msingi. Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi nchini mwaka 2017, lakini shuleni kimebaki kuwa somo, na hasa somo la sekondari. Hivyo mtoto hufika Tanzania akiwa na lugha ya nchi mdomoni bila kuwa nayo katika daftari. Mwalimu mwenye darasa lililojaa huenda asiitambue tofauti hiyo, maana mtoto anaongea vizuri. Akishindwa hesabu, atahesabiwa kuwa mzito.

Kisha hufika kidato cha kwanza, na Tanzania hubadili lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza. Mtoto aliyehamia huko akiwa darasa la sita atakuwa ametoka Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi Kiingereza katika kipindi kisichozidi miaka miwili. Mwenzake wa Kitanzania hupata shida ya mabadiliko hayo mara moja tu. Ndiyo maana wahamiaji wengi wenye uwezo hukimbilia shule za mchepuo wa Kiingereza. Nyingi ni za binafsi na zina ada. Za umma ni chache, kama Olympio na Diamond jijini Dar es Salaam, nazo pia wazazi huzichangia. Kwa maoni yangu, mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu anaweza kuingizwa shule ya Kiswahili bila hofu, kwa kuwa ana muda wa kuijenga lugha ya darasani. Kwa yule aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kabla ya mtihani, gharama ya mchepuo wa Kiingereza, ikiwezekana, ina sababu.

Tatizo la pili ni kalenda. Mwaka wa shule wa Rwanda, kama ule wa Burundi na wa Kongo, huanza Septemba. Wa Tanzania na Kenya huanza Januari, na wa Uganda huanza Februari. Mtoto anayemaliza mwaka wa sita Kigali mwezi Julai hufika Dar es Salaam wakati wenzake wa darasa la saba wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa Septemba, mtihani ambao yeye hakusajiliwa. Shule za sekondari za umma huwapanga wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa matokeo ya mtihani huo. Mzazi hubaki na njia mbili: kumtafutia mtoto usaili katika sekondari ya binafsi kwa mwezi Januari, au kumrudisha darasa la msingi akasubiri mtihani wa mwaka unaofuata. Uganda nayo ina miaka saba ya msingi na mtihani mwishoni, kwa hiyo hesabu hiyo hiyo hujirudia huko, ingawa lugha haiwi kikwazo kikubwa. Kenya, ambayo tangu 2017 imekuwa ikiuacha mfumo wa 8-4-4, sasa ina miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya juu, sawa na Rwanda. Inayotofautiana ni miezi tu.

Kwa nini hali iko hivi katika jumuiya inayojiita soko la pamoja? Itifaki iliyoanza kutumika Julai 2010 inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake, na inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti. Kazi hiyo imesonga zaidi kwa vyuo vikuu, ambavyo mwaka 2017 vilitangaziwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Kijana wa miaka ishirini amejengewa daraja. Mdogo wake wa miaka kumi na mmoja hupokelewa kwa busara ya mwalimu mkuu atakayemkuta ofisini siku hiyo.

Wapo wazazi wanaoikwepa adha hii kwa kumwacha mtoto katika shule ya bweni nyumbani. Uamuzi huo unaeleweka, hasa mtihani ukiwa umebaki miezi michache. Lakini mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022, na familia zilizokuwa na mtoto upande mmoja na wazazi upande wa pili zinajua maana ya miaka hiyo mitatu.

Anayehama na watoto wote achukue ripoti za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, na matokeo ya mtihani wa taifa kama upo. Kwa sekondari, ulinganifu wa vyeti hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na familia ikirejea Rwanda, na NESA. Maombi haya yafanywe kabla ya kulipia ada.

Kwa Tanzania kuna jambo jingine la kuuliza. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja, kisha makundi yote mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza Januari 2028. Mtoto wa Kigali atakayeingizwa katikati ya madarasa hayo anaweza kupangwa upande wowote, na shule ndiyo itakayompangia ikiwa mzazi hakuuliza.